Ngazi Inayoongezeka: Ukosoaji wa Mustari wa Pointi kwa Wawindaji wa Wapiti

Wandugu wa promosheni, na ninyi mungali kwenye auditoire, leo sileti riwaya wala filamu. Naleta ukosoaji wa maandiko ambayo hakuna mtu huyaita maandiko: vile vijitabu vya kanuni ambavyo majimbo ya magharibi ya Marekani hutoa kila mwaka kwa watu wanaotaka kuwinda. Nimesoma vya majimbo saba, ukurasa kwa ukurasa. Mutauliza: mtu wa Bukavu anatafuta nini mule? Niwaeleze.

Yaya wangu anaishi Boise, jimbo la Idaho. Wakongomani ni wengi kule, wengi wao walipitia kambi za wakimbizi. Alifika akiwa kijana, leo ana miaka 46, na mtoto wake wa kwanza ana 12. Mwenzake wa kazi alimpeleka msituni mara moja, na tangu siku ile yaya anaota kitu kimoja: dume la wapiti lenye pembe za sifa. Mwezi wa kwanza alinitumia sauti kwenye WhatsApp: "Mudogo, wewe ulisoma droit, unajua kusoma ile mapapiye yao. Nisaidie kupanga. Niko na pointi kenda Colorado, sijui nifanye nazo nini."

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki tatu, na mwishoni nilikuwa na hasira. Ukosoaji huu umetoka katika hasira ile, lakini nitajaribu kuwa wa haki.

Kwanza tumjue mnyama. Wapiti, ndiye Wamarekani humwita elk, ni jamaa mkubwa wa paa wenye pembe za matawi. Dume mzima anafika kilo 300 na kupita. Pembe zake zinaanguka kila mwaka na kuota upya. Mwezi wa tisa, wakati wa kutafuta majike, dume analia kwa sauti nyembamba kama filimbi, na sauti ile husikika kutoka bonde moja hadi lingine. Mwishoni mwa karne ya 19 wawindaji wa biashara walikuwa karibu wawamalize wote. Mwaka wa 1900 sheria ya Lacey ilikataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama wa porini waliouawa kinyume cha sheria. Wapiti wa Yellowstone walipakiwa kwenye treni wakapelekwa majimbo ambako walikuwa wamekwisha. Mwaka wa 1937 sheria ya Pittman-Robertson iliamua kwamba kodi ya bunduki na risasi irudi kwa majimbo kwa ajili ya kutunza wanyama. Leo Colorado peke yake ina wapiti zaidi ya 250,000. Hiyo ni kazi nzuri, na wawindaji ndio walilipia sehemu kubwa. Lazima niiseme mapema ili mtu asifikiri nakuja kukosoa uwindaji wenyewe.

Wazo la msingi ni hili: mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba wala ya tajiri, ni mali ya wote, na serikali ya jimbo inamtunza kwa niaba ya wote. Ukitaka kumwinda, unanunua permi ya kuwinda, halafu unahitaji kibali cha mnyama mmoja, katika eneo fulani, kwa silaha fulani, kwa tarehe fulani. Kwa wapiti wa kawaida, sehemu nyingi vibali vinatosha. Lakini maeneo ambako madume wanaachwa wakomae, hadi pembe ziwe kubwa, vibali ni vichache sana. Huko ndiko wanaelekea watu wa trofe. Wana hata kipimo chao: klabu ya Boone and Crockett, ambayo Theodore Roosevelt alishiriki kuianzisha mwaka wa 1887, hupima pembe kwa inchi. Wapiti mwenye pembe za umbo la kawaida anahitaji inchi 375 ili aandikwe katika kitabu chao cha kudumu. Watu wanaweza kukutajia namba hiyo kama sisi tunavyotaja asilimia ya diplome d'État.

Sasa, kama wanaotaka ni wengi na vibali ni vichache, utagawa namna gani? Hapo ndipo vijitabu vinaanza kutofautiana, na hapo ndipo ukosoaji wangu unaanza.

Ukiviweka mezani pamoja, utaona familia tatu. Ya kwanza ni mustari. Colorado iko humo. Ukiomba kibali ukakosa, unapewa pointi moja. Mwaka unaofuata mwenye pointi nyingi anapita mbele ya mwenye chache. Ukipata kibali ulichokiomba kwanza, pointi zinarudi sifuri. Kwa maeneo magumu kabisa Colorado huacha hadi asilimia 20 ya vibali kwa bahati, lakini lazima uwe na pointi 5 angalau. Wyoming nayo, kwa wageni wasio wakaaji wa jimbo, inatoa asilimia 75 kwa pointi na 25 kwa bahati.

Familia ya pili ni tombola yenye karata nyingi. Arizona, Nevada na Utah ziko humo. Pointi hazikuweki mbele moja kwa moja, zinakuongezea karata ndani ya kapu. Nevada inazidisha pointi zako kwa zenyewe, kwa hiyo mwenye pointi 10 ana karibu karata mia. Arizona inaweka hadi asilimia 20 ya vibali kwa wenye pointi nyingi kuliko wote, na Utah inawapa nusu.

Familia ya tatu ni tombola tupu. Idaho na New Mexico hazina pointi. Mwaka huu ukikosa, mwaka ujao unaanza sawa na kijana aliyeomba mara ya kwanza.

Ukisoma mara ya kwanza, utapenda mustari. Mimi nilipenda. Unasema: hii ndiyo haki, aliyevumilia apewe. Tena sisi tumechoka na bahati na kujuana. Mustari una sura ya haki.

Lakini chukueni kalamu tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme eneo moja linatoa vibali 10 kwa mwaka. Tuseme watu wenye pointi 20 wanaolitaka ni 300. Kundi lile peke yake litachukua miaka 30 kuisha. Wewe uko nyuma na pointi 9. Mwaka ujao utakuwa na 10, lakini wale 290 waliobaki watakuwa na 21. Wewe unapanda ngazi moja, na ngazi nayo inaongezeka moja. Utalipa, utavumilia, utafanya kila kitu kijitabu kinasema, na umbali kati yako na kibali hautapungua. Wawindaji wenyewe wana jina la jambo hili, wanasema pointi zinatambaa. Kaskazini-magharibi mwa Colorado kuna maeneo ambako mgeni anahitaji zaidi ya miaka 20 ya pointi, na namba ile haisimami.

Kosa la kwanza la maandiko haya liko hapo. Yanakuambia namna ya kuingia mustarini, lakini hayakuambii kama mustari unafika mbele. Sisemi yanadanganya. Takwimu za miaka iliyopita zinatolewa hadharani, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Lakini takwimu zinaeleza pointi zilizohitajika mwaka jana, na msomaji anazisoma kama ahadi ya mwaka atakaofika. Yaya alisoma hivyo. Aliona 18 mwaka alioanza, akahesabu miaka 18, akasema nitafika. Leo ana 9, na 18 ile haipo tena.

Kosa la pili ni feza. Ili mgeni apate pointi Colorado, lazima anunue kwanza permi nyingine inayomruhusu kuomba, na feza ile hairudi. Kwa yaya ilikuwa karibu dola 100 kila mwaka, kwa miaka kenda. Inapita minerval niliyolipa mwaka wangu wa mwisho. Kwa feza ile hakukanyaga msitu wa Colorado hata siku moja. Wyoming inauza pointi ya wapiti kwa mgeni dola 52, bila hata kuomba kibali. Arizona inataka mgeni anunue permi ya dola 160 ndipo aombe. Mtu anayefuata shauri ambalo wawindaji wengi hutoa, yaani anza mapema, weka pointi kila jimbo, anaweza kulipa mamia ya dola kila mwaka kwa ajili ya kusubiri tu.

Watetezi watasema: feza ile inatunza wanyama. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini ndiyo sababu hasa jimbo halina haraka ya kurekebisha mustari. Mtu anayesubiri analipa kila mwaka. Mtu aliyekata tamaa halipi tena. Matumaini yenyewe yamekuwa bidhaa. Sisi tulio na wazazi walimu tunajua hadithi ya NP, mwalimu anayefundisha miaka mingi akisubiri jina lake litoke kwenye listi ya mishahara. Tofauti ni kubwa, mmoja anatafuta chakula, mwingine pembe. Lakini uchungu wa kuambiwa "vumilia, uko kwenye listi" unafanana.

Kosa la tatu ni milango ya pembeni. Mnyama ni mali ya wote, sawa. Lakini Colorado wenye mashamba makubwa wanapata hati za vibali na wanaruhusiwa kuziuza. New Mexico wenye mashamba wanapewa idhini za wapiti, nazo zinauzwa. Katika tombola ya New Mexico yenyewe, asilimia 84 ya vibali ni ya wakaaji, 10 ni ya waliofanya mkataba na kiongozi wa kulipwa, na 6 tu ni ya wageni wasio na kiongozi. Halafu kuna vibali vichache vinavyouzwa kwa mnada kila mwaka kwa ajili ya mfuko wa wanyama, na cha wapiti kinaweza kupita dola laki moja. Kwa hiyo mustari upo kwa yule asiye na feza. Mwenye feza anakutana na dume lile lile mwaka huu huu.

Na kuna swali ambalo vijitabu haviulizi kamwe: nani alikuwa wa kwanza mustarini? Mwaka wa 2014 Clayvin Herrera, mtu wa taifa la Wacrow, aliua wapiti katika msitu wa Bighorn, Wyoming, bila kibali cha jimbo. Jimbo likamshitaki. Yeye akasema mkataba wa 1868 kati ya taifa lake na Marekani ulilinda haki yao ya kuwinda kwenye ardhi isiyokaliwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka wa 2019 majaji 5 dhidi ya 4 walisema haki ile haikufa Wyoming ilipofanywa jimbo. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Miaka yote hii watu wanahesabu pointi, kumbe kuna watu ambao mustari ulichorwa juu ya njia yao.

Baada ya kukosoa wengine, nijikosoe mwenyewe. Mpango wa kwanza niliomtumia yaya ulikuwa mbaya. Niliona Wyoming ina asilimia 25 ya bahati, nikafurahi, nikatafuta eneo lenye milima mikali na watu wachache, nikaandika kila kitu kwenye Excel: tarehe ya mwisho mwanzoni mwa mwezi wa pili, matokeo mwezi wa tano, petroli, hema, kila kitu. Yaya akamwonyesha yule mwenzake wa kazi. Mzee akasoma, akauliza swali moja: "Kiongozi wenu ni nani?" Sikuelewa. Kumbe sheria ya Wyoming inamkataza mgeni kuwinda wapiti ndani ya maeneo ya pori yaliyotengwa na serikali kuu bila kiongozi mwenye leseni, au mkaaji wa Wyoming aliyechukua karatasi ya kumwongoza. Sehemu kubwa ya eneo nililochagua ilikuwa pori la namna hiyo. Ilikuwa imeandikwa wazi. Mimi mwenye lisanse ya sheria niliiruka, kwa sababu nilikuwa natafuta asilimia tu. Nimeiweka hapa ili mujue kwamba msomaji naye ana makosa yake.

Basi tulianza upya, na safari hii nilimuuliza yaya swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: "Yaya, unataka kuua nyama ama unataka kuhesabu inchi?" Alinyamaza kidogo. Akasema: "Nataka mtoto anione nikimuita dume, na dume aitike." Hakutaja inchi hata moja.

Mukisikia hivyo, hesabu inabadilika yote. Mtoto ana miaka 12. Idaho inaruhusu mtoto kuwinda wanyama wakubwa kuanzia miaka 10, akifuata masharti. Baada ya miaka 6 atakuwa anatafuta chuo. Mpango wowote unaozidi miaka 6 si mpango wa ndoto ile, ni mpango wa ndoto nyingine. Colorado ikaanguka hapo hapo.

Halafu nikagundua jambo lililokuwa mbele ya macho: yaya ni mkaaji wa Idaho. Miaka kenda alikuwa mgeni kwa jirani wakati nyumbani ana haki za mwenyeji. Kibali cha kawaida cha wapiti kwa mkaaji wa Idaho ni chini ya dola 50. Jimbo limegawanywa katika zoni, na zoni nyingi zina vibali vya aina mbili, A na B, vyenye majira na silaha tofauti. Kwa zoni nyingi mkaaji ananunua, anaenda. Si maeneo ya dume la inchi 375, lakini madume wapo, na mwezi wa tisa wanaitika. Juu ya hapo, kuna uwindaji wa vibali vichache unaotolewa kwa tombola, maombi kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa tano hadi tarehe 5 ya mwezi wa sita. Wageni hawawezi kupita asilimia 10. Na kwa kuwa hakuna pointi, yaya anaingia na nafasi sawa na mzee aliyezaliwa pale na aliyeomba miaka 40.

Hapo ndipo nilibadili mawazo juu ya tombola. Zamani niliiona kama uvivu wa serikali: wameshindwa kufikiri, wanarusha kete. Sasa naona ina ukweli ambao mustari hauna. Haikuambii kwamba uvumilivu wako utalipwa. Inakuambia nafasi yako ya mwaka huu, na mwaka ukiisha haikudai kitu, wala wewe huidai. Unaweza kuacha bila kupoteza, unaweza kuanza bila kuchelewa. Kijana hapati adhabu kwa kuzaliwa nyuma ya wengine. Ni kali, ndiyo. Mtu anaweza kuomba maisha yake yote akakosa. Lakini hata katika mustari atakosa, tofauti ni kwamba kule ataambiwa anakaribia.

Kwa anayetaka kupanga jambo kama hili, au ana ndugu kule anayepanga, haya ndiyo niliyobaki nayo. Uliza kwanza unataka nini na kabla ya mwaka gani. Jimbo unalokaa lije kabla ya majimbo ya jirani. Usinunue pointi mahali ambapo huwezi kuitumia ndani ya miaka uliyonayo. Usisome namba ya mwaka jana tu, soma ya miaka mitano mfululizo uone inaenda kasi gani. Soma kanuni za ardhi kabla ya asilimia. Na hesabu nyama: dume mmoja anaweza kutoa kilo 90 na zaidi za nyama bila mifupa, sheria ya Idaho inakataza kuacha nyama ya kuliwa iharibike porini, na itabebwa mgongoni kupanda na kushuka milima. Mtu mwenye miaka 46 anaweza. Mwenye 66, baada ya kungoja Colorado, sijui magoti yake yatasema nini.

Kilichobaki kigumu ni zile pointi kenda. Yaya alisema: "Mudogo, miaka kenda nimelipa. Niache ile yote ipotee?" Nilimwambia feza ile imekwisha kupotea, inayobaki kuokolewa ni ya mwaka wa kumi. Hakupenda. Alikaa siku nne bila kuandika. Na mimi nilijiuliza kama nina haki ya kumwambia mtu aondoke mustarini, mimi ambaye dosye zangu tatu ziko kwenye mabiro ya watu tangu mwaka juzi, na kila mwezi napita kuuliza.

Siku ya tano akatuma picha. Mtoto ameshika cheti cha mafunzo ya uwindaji, ile kozi ambayo Idaho inaidai kwa kila mtu aliyezaliwa kuanzia 1975. Chini yake yaya aliandika: "Tombola ya Idaho tutaomba mwezi wa tano. Ikikataa, tutanunua kibali cha kawaida, tutaenda tu. Colorado sikulipa."